Bi Kitana Aruka Foleni

Saluni ya Bi Kitana ina benchi moja refu la mbao, na benchi hilo lina sheria moja. Ukiingia unakaa mwisho, upande wa mlango. Mteja aliyekwisha akiinuka mbele ya kioo, wa kwanza kwenye benchi anahamia kitini, na waliobaki wote wanasogea. Hakuna namba, hakuna kuandikisha jina, hakuna kupiga simu uwekewe nafasi. Nimepanga foleni kwenye viwanja vya ndege, vituo vya mpaka na ofisi za viza, nikagombana kwa lugha nne na watu waliotaka kunipita, na sijaona kwingine ambako watu wanasubiri kwa raha kama pale. Mbao zenyewe zinang'aa kama zimepigwa msasa, na kweli zimepigwa, kwa nguo za wanawake wanaosogea tangu saluni ilipofunguliwa.

Jina halisi la Bi Kitana halitumiki na mtu yeyote isipokuwa benki. Kitana chake chembamba hukaa kimechomekwa nyweleni, juu ya sikio la kulia, na anakisahau huko. Amekwenda nacho harusini, amekwenda nacho msibani, na siku ya mahafali ya binti yake alipiga picha zote nacho, hata ile iliyotundikwa sebuleni.

Mteja maarufu wa benchi ni Mama Jengo, mwenye nyumba kadhaa za kupangisha, ikiwemo ile yenye saluni. Jumamosi moja, miaka mingi nyuma, aliingia ana haraka, akaona benchi limejaa hadi mlangoni, akasema kwa sauti kwamba atalipa mara mbili akianza yeye. Bi Kitana hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa anasuka. Alimwambia kwa upole, "Mama, benchi linaanzia kule." Mama Jengo alikaa kule. Hakulisahau jambo hilo hata siku moja, na hakuacha kuja pia.

Kitu kingine cha kujua kuhusu chumba kile ni saa ya ukutani. Ilitoka kwa kinyozi mmoja aliyefunga duka, na imetengenezwa kinyume: namba zinazunguka kuelekea kushoto na mishale inakwenda kinyumenyume. Imetundikwa ukuta wa nyuma, ili anayesukwa, ambaye hawezi kugeuza shingo, aisome sawasawa kwenye kioo. Mgeni akiitazama moja kwa moja anadhani amepatwa na kizunguzungu. Bi Kitana, aliyeshinda maisha yake yote ya kazi akitazama kioo, anaiona ndiyo saa ya kawaida, na saa nyingine zote ndizo zenye matatizo.

Basi mwanamke huyo ndiye aliyependa saa ya mkono.

Ilianza na mteja mmoja, mhudumu wa ndege, aliyevua saa yake ili isinase nywele. Bi Kitana aliishika, akaona uso wake wa rangi ya majani mabichi, usio na namba, mistari tu, akaiweka sikioni. Akauliza betri yake inadumu muda gani. Mteja akamwambia haina betri. Inajijaza kwa mwendo wa mkono wa mwenyewe. Ukiivua ukaiacha kabatini, inasimama.

"Kwa hiyo inakula mkono," Bi Kitana akasema.

"Inakula mwendo wa mkono, ndiyo."

Jioni ile alimsimulia mumewe habari hiyo mara tatu. Mikono yake haijui kutulia: inagawa nywele, inasuka, inaosha, inapeperusha taulo, na ikikosa kazi inaeleza. Na hapa kuna saa iliyotengenezwa mahsusi kwa mtu wa namna hiyo. Alianza kuweka akiba, kidogo kidogo, kwa siri ambayo kila mtu aliijua.

Akiba ilipotosha alivaa gauni zuri akaenda dukani. Huko akapata mshangao. Saa ilikuwepo kwenye kabati la kioo, bei yake imeandikwa, lakini haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa ya kuonyeshwa. Kiwanda kinatoa chache, msichana wa dukani akaeleza, na wanaozitaka ni wengi. Aache jina lake, wakati wake ukifika atapigiwa. Bi Kitana alifurahi. Foleni aliielewa. Aliuliza tu mbele yake kuna wangapi, na msichana hakuweza kumwambia. Aliuliza itachukua muda gani. Hilo nalo halikujulikana.

Aliporudi akasema, "Benchi lao halionekani. Unakaa tu gizani."

Lakini alikaa. Mwaka ukaisha, na mwingine ukaanza kuzeeka. Kila alipopita alimsalimia msichana wa dukani, ambaye baadaye akawa mteja wake wa kusuka, na aliyemnong'oneza ukweli: huenda ikawa miaka mitatu, huenda mitano, na kuna watu majina yao yamelala pale mpaka wameacha kuuliza.

Kilichomtoa kwenye subira yake ni shangazi yake. Huyo ndiye aliyemfundisha kusuka, na alikuwa na vidole vilivyosifiwa mtaa mzima. Sasa vimevimba na kupinda kama tangawizi, na kikombe anakishika kwa mikono miwili. Asubuhi moja Bi Kitana alimtembelea, akamsuka, na njiani kurudi akahisi kidole gumba chake mwenyewe kimekaza. Kililegea kabla hajafika nyumbani. Lakini alikuwa amekisikia.

Wiki hiyohiyo akapata habari za kijana wa ghorofa ya tatu, mlanguzi wa saa, mwenye saa ileile, rangi ileile, leo hii. Bei yake ni ya duka, na nusu ya bei ya duka juu yake.

Nyumbani kukawa na kikao. Mumewe ni fundi wa lifti, na anaongea kama lifti: kimya kirefu, halafu kengele. Alisikiliza yote, akasema nusu hiyo ya juu ingenunua draya mbili mpya za kusimama na bado ikabaki. Akasema saa ipo kwenye simu, bure. Binti yao, anayefanya kazi hapohapo saluni, akamkatiza babake, akasema mama hajawahi kujinunulia hata kiatu bila kwanza kuuliza nani mwingine ndani ya nyumba hana. Mume akakubali hilo. Akanyamaza. Wakadhani amemaliza.

"Na Mama Jengo utamwambia nini?" akauliza.

Hapo ndipo palipouma, na hakuna aliyejifanya haelewi. Mlanguzi hakuzaa saa ile. Aliipata kwa mtu aliyekuwa mbele kwenye foleni ya duka, akaitwa, akanunua kwa bei ya duka, akaipitisha mlango wa pili. Mtu huyo aliuza nafasi yake kwenye benchi. Kumlipa mlanguzi ni kufanya kile ambacho Bi Kitana amekikatalia watu wazima mbele ya wenzao, akiwemo mwenye nyumba yake, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Alilala nalo, akaamka nalo. Aliposhika sufuria ya chai, kidole gumba kikakaza tena, akasimama akikikunja na kukikunjua.

"Nikingoja duka," akamwambia mumewe, "wataniletea saa wakati sina cha kuilisha. Twende."

Chumba cha mlanguzi kilikuwa na zulia, kochi, na kioo kirefu cha kumwezesha mteja kujiona alivyopendeza. Kijana mwenyewe alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka likatisha, na alimwita kila mtu mheshimiwa. Aliitoa saa kwenye kitambaa, akaitikisa kidogo, akaipangia wakati sahihi, akamvisha Bi Kitana mwenyewe.

Bi Kitana akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake. Akageukia kioo.

Aliitazama kwa muda. Ikampendeza, akainua mkono, akaushusha, akaupeleka nyweleni. Kisha akakunja uso. "Mwanangu, hii saa ni mbovu."

Kijana akauliza mbovu vipi.

"Jua lile pale nje, nayo saa yako inasema saa mbili kasoro dakika ishirini. Asubuhi imepita, usiku bado."

Kijana aliishika saa ikiwa palepale mkononi mwa Bi Kitana, akaitegea sikio, akaitazama simu yake, akaitazama saa. Mtu ambaye amesimama mbele yake na noti kwenye mkoba anasema kitu ambacho macho ya kijana hayakioni, na kwa uoga wake aliamua kuamini mkoba. Akasema huenda safari imeitikisa. Akasema anaweza kushusha bei kidogo, kwa usumbufu. Bi Kitana bado anatazama kioo, bado amekunja uso. Kijana akashusha tena.

Mumewe, kwenye kochi, alikuwa ameshaelewa. Anakiri mwenyewe kwamba alikaa kimya kwa pumzi kadhaa, akisikiliza bei ikiteremka ghorofa baada ya ghorofa. Halafu kengele ikalia.

"Mke wangu. Unatazama kioo."

Bi Kitana akautazama mkono wake. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, kama ilivyokuwa kwenye simu ya kijana na kila mahali mjini. Alianza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka kitana kikaanguka zuliani, na kijana, roho yake iliporudi, akacheka naye. Walimweleza habari ya saa ya ukutani. Kijana alipomaliza kufuta machozi akapandisha bei palepale ilipokuwa, na Bi Kitana akailipa yote bila kuomba apunguziwe.

"Ungenyamaza kidogo tu," akamwambia mumewe kwenye ngazi.

"Ningenyamaza, ungegundua ukarudi kumwambia mwenyewe. Nimekuokolea muda."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye benchi hilo, wa nne kutoka mlangoni, nikisubiri kuoshwa nywele zilizojaa vumbi la safari. Mama Jengo alikuwa katikati. Bi Kitana aliingia amevaa mikono mirefu, jambo ambalo halijawahi kuonekana pale. Hakuchukua kitana. Alisimama mbele ya kioo, akatugeukia, akakunja mkono wa gauni, akasema yote: duka, foleni, kijana wa ghorofa ya tatu, bei na nusu yake. Hakusema habari za kidole. Hizo niliambiwa baadaye na binti yake.

"Nimeruka watu," akamaliza. "Siwajui, lakini nimewaruka. Sikutaka mlisikie kwa mwingine."

Macho yote yakaenda kwa Mama Jengo, ambaye alikuwa ameisubiri siku hii bila kujua kwamba inakuja. Hakuwa na haraka. Aliomba kuiona saa. Akaigeuza, akaipima uzito, akasema rangi ni nzuri. Akairudisha.

"Shoga," akasema, "benchi linaanzia kule."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwa fundi viatu wa mtaa wa pili. Bi Kitana alijaribu kusema ana kazi, ana vichwa vinamngoja, na benchi zima likamjibu kwa sauti moja kwamba binti yupo. Binti alikuwa tayari amejifunga aproni. Basi Bi Kitana akatembea mpaka mlangoni, akakaa mwisho kabisa, kwenye benchi ambalo alilinunua yeye na hakuwahi kulikalia.

Mwanzoni alikaa kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kisha akaanza kutazama. Hakujua kwamba ukikaa pale upepo wa mlangoni unakupiga shingoni vizuri. Hakujua kwamba maneno ya kitini, yale anayoambiwa yeye kwa sauti ya chini, yanasikika benchi zima, na akasonya alipoyasikia. Alimwona binti yake akigawa nywele kwa mstari ulionyooka kama uzi, akamgusa jirani yake kwa kiwiko amwangalie. Wakamwambia asikae tuli, saa itasimama, na kila alipotuliza mikono mtu alimuuliza swali ili aeleze kwa vidole. Tulisogea. Tulisogea tena.

Nafasi moja kabla ya kiti, Mama Jengo aligeuka nyuma. Akasema yuko tayari kumwachia Bi Kitana nafasi yake. Kwa bei ya kawaida na nusu yake juu.

"Sina hela," Bi Kitana akasema. "Nimenunua saa. Kaa tu ufanyiwe, mama, mimi huku nimefika pazuri."

Mteja aliyekuwa ameingia wakati huo akauliza ni saa ngapi. Bi Kitana aliinyoosha shingo, akainua mkono wake kuelekea kioo, akaitazama saa humo ndani na kumjibu kwa uhakika mkubwa, akakosea tena. Benchi zima likanyoosha vidole kwenye saa ya ukuta wa nyuma.

"Sogea, Bi Kitana," Mama Jengo akasema akiinuka kwenda kitini. "Sogea."