Blanketi Langu la Manyoya ya Bata

Wenzangu wa kidato cha tatu wameshaisambaza habari hii kila bweni, tena kwa chumvi nyingi, mpaka vitoto vya kidato cha kwanza vikiniona njiani vinanipigia mabawa kwa viwiko, kwa hiyo nimeona heri niieleze mwenyewe, maana aibu ni yangu na sioni kwa nini wengine waifaidi peke yao.

Kila mwaka shule yetu hupanda milima ya Uluguru kwenda kusaidia kijiji kimoja cha ujamaa kupanda miti kwenye miteremko, na kila mwanafunzi hubeba jembe, fungu lake la unga na kitu cha kujifunika, kwa sababu baridi ya huko juu haina mzaha. Mwaka uliotangulia mimi sikufika. Nilikuwa nimebeba blanketi la kijivu la mama, zito kama ndama aliyegoma, na kwenye mwinuko wa kwanza tu nikakaa chini nikatoa ulimi nje. Mwalimu Lukuba, ambaye hupanda mlima kama anashuka ngazi, akanitazama toka juu mpaka chini (hakukuwa na mengi ya kutazama, mimi ni mwembamba kama ufagio wa chelewa) akasema, "Rudi nyumbani, ndugu, ule kwanza."

Sasa mwaka huu nilikuwa nimechaguliwa kuongoza ngonjera mbele ya wanakijiji, na Mwalimu alishatangaza kwamba atakayesimamisha msafara anarudishwa, awe nani awe nani. Nikirudishwa, ngonjera inachukuliwa na rafiki yangu Shomari, na Shomari akighani utafikiri anasoma bei za vitu dukani. Hilo nisingelikubali hata kwa dawa.

Ndipo nikamkumbuka jirani yetu, mtaalamu mmoja wa misitu kutoka Ulaya. Kila Jumamosi huanika nje kitu kama godoro jembamba, na siku moja aliniruhusu nikiinue, nikainua, nikadhani nimeshika hewa. Nikamuuliza ndani kuna nini. Akafikiri, akatafuta Kiswahili chake chote, akanijibu, "Ndani bata." (Siku nzima nilikuwa najiuliza huyo bata anapumua vipi.) Baadaye akanionyesha kwenye mshono uliofumuka: ni manyoya tu, yale mororo ya kifuani. Anabeba blanketi hilo milimani, anajifunika, analala kama mtoto mchanga.

Bata tunao. Mradi wetu wa kujitegemea shuleni ni bata, wanaotupigia kelele kuliko walimu. Siku ya wazazi ilipokaribia, mpishi akaamriwa achinje kadhaa, na mimi, ambaye hujificha nikisikia neno jikoni, nikajitokeza kunyonyoa.

"Wewe?" mpishi akauliza. "Umefanya kosa gani?"

"Moyo wa kujitolea tu, mzee."

Nikanyonyoa mpaka vidole vikavimba. Manyoya mororo hayakutosha, nikaongeza ya mgongoni, yakawa bado, nikazoa tu kwa viganja kila kilichokuwa ndani ya beseni, nikatia kwenye gunia nikakimbilia nyumbani (mimi ni wa kutwa, silali bweni). Kuosha niliosha, lakini sabuni wakati ule ilikuwa ikiingia duka la ushirika asubuhi inakwisha kabla jogoo hajamaliza kuwika, kwa hiyo niliosha kwa maji na matumaini.

Mama akanipa cherehani yake kwa mchana mmoja. Akanipa na kipande cha kitambaa cha marekani alichokuwa amekitunza, akasema, "Hiki kimefumwa kikabana, kitashika manyoya yako. Na ushone mistari mistari, yasikimbilie upande mmoja." Mistari nilishona. Lakini marekani niliipima mkononi nikaona, ah, hii si itaniongezea uzito? Pale kabatini kulikuwa na bitana iliyobaki ya koti la baba, laini, inateleza, nyepesi kama maganda ya vitunguu. Nikachukua bitana. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipolichimba shimo langu mwenyewe, nikaliwekea na ngazi ya kushukia.

Siku ya safari nilikuwa wa mbele. Sisemi uongo, nilipanda nikipiga mluzi, suruali yangu ya bugaluu nimeikunja magotini, blanketi limefungwa mgongoni juu ya unga, na Mwalimu Lukuba mwenyewe akaniambia, "Naona mwaka huu umekula." Lilikuwa linanuka kidogo, hilo nakiri, wenzangu walikuwa wakinipisha njia kwa heshima iliyozidi. Tukapita kwenye vichaka vya miiba, bitana ikakwaruzwa hapa, ikachomwa pale, na vile vishina vya manyoya ya mgongoni navyo vikaanza kujitokeza vyenyewe kama ndevu.

Shomari alikuwa nyuma yangu. "We bwana," akasema, "unanyonyoka."

"Wivu huo," nikamjibu, wala sikugeuka.

Tukafika. Wanakijiji wamejaa uwanjani, wamekaa kwenye nyasi, Mwenyekiti wa kijiji kasimama na shati lake la kijani, anaita "Uhuru!" tunaitikia "Na kazi!" Ukungu ukashuka, jasho likanipoa mwilini, meno yakaanza kugongana, na ngonjera haighaniwi kwa meno yanayogongana. Basi nikafungua blanketi nikalitupia mabegani kama chifu, nikapanda juu ya jiwe, nikaanza kumkemea Adui Ujinga kwa sauti iliyotetemesha milima.

Nilikuwa ndiyo kwanza nahamia kwa Adui Umaskini nilipoona watu hawanitazami mimi. Wanamtazama bibi mmoja anayekuja kutoka ile njia tuliyopandia, ameinama, anaokota kitu chini, anapiga hatua, anaokota tena, hivyo hivyo mpaka akafika miguuni pangu. Akainua uso. Mkononi ameshika manyoya meupe, kishada kizima.

"Tangu kwenye mgomba wangu nimeyafuata," akasema. "Yameishia hapa. Kuku wangu yuko wapi?"

Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuku wangu yuko wapi?"

Mwenyekiti akaeleza kwamba Bibi Tekla kweli kapotelewa na kuku mweupe toka jana. Mwalimu Lukuba akaja karibu, akanisemesha kwa sauti ya chini, ile ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Kama kuna mwizi katika msafara wangu tunashuka wote sasa hivi, na wewe shule umeiaga. Hayo manyoya ni ya nini?"

"Ya bata, Mwalimu. Wa shule. Nimeshona blanketi."

"Blanketi la bata," Mwenyekiti akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi asiouamini. "Hebu lifunguliwe tuone."

Nilitaka kufumua kidogo pembeni. Lakini nilikuwa nimeshona mishono mirefu kwa kubania uzi, nikavuta, bitana ikachanika kutoka mwanzo mpaka mwisho, na wakati huo huo upepo wa Uluguru nao ukaona usipitwe. Jamani! Manyoya yalipanda yote kwa pamoja. Yalimwingia Mwenyekiti kinywani akiwa bado anasema "tuone", yalitua kwenye nywele za Mwalimu Lukuba (anafuga afro, tena ya kifahari) zikayapokea yote bila kubagua, yalizama kwenye sufuria la maharage, na watoto wa kijiji wakawa wanarukaruka wakiyadaka. Katikati ya yote hayo kitu kizito kikadondoka, pa, juu ya jiwe.

Mguu wa bata. Mkavu, na utando wake kati ya vidole. Nilikuwa nimeuzoa kwenye beseni pamoja na manyoya, nikaushonea ndani, nikaubeba mgongoni mlima mzima, na ndio uliokuwa ukinuka.

Bibi Tekla akauokota, akautanua vidole, akautazama. Akanitazama mimi.

"Kuku wangu," akasema polepole, "hajui kuogelea."

Mtu mmoja akacheka, halafu uwanja mzima, nami nikavuta pumzi. Mapema mno! Bibi akaniuliza, "Mjukuu, kwenu wapi?"

"Baba anatoka Tabora, bibi. Sisi Wanyamwezi."

Laiti ningesema natoka mwezini. Bibi alirusha kanga hewani. "Mtani wangu! Na mimi nilikuwa naanza kukuonea huruma! Mnyamwezi unapanda kwetu na manyoya, nyama umeiacha wapi?"

Mwalimu akajaribu kuingilia. "Mama, huyu ni mwanafunzi..."

"Wewe mwalimu kaa pembeni ujichambue kichwa. Haya ya watani."

Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mambo ya watani hayana rufaa. Hukumu yangu ilikuwa hii: mguu wa bata nikafungiwa shingoni kwa kamba ya mgomba kama nishani, nikaambiwa nimalize ngonjera, na kila nikifika mwisho wa ubeti nilie kama bata. Nikalia. Kufikia Adui Maradhi wazee walikuwa wamelala kwenye nyasi wakishika mbavu, akina mama wanapiga vigelegele, na Shomari (msaliti) ndiye aliyekuwa anapiga makofi ya kupokea. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona ngonjera iliyosikilizwa mpaka mwisho.

Siku zote tulizokaa nililala kwa Bibi Tekla karibu na moto, chini ya blanketi lake jeusi linalonuka moshi, zito kuliko lile la mama. Bitana na manyoya yaliyosalimika aliyachukua akajishonea mto, haki ya mtani. Siku ya kushuka nikajiona mjanja, sina blanketi, mikono mitupu, ndipo akatokea na mkungu wa ndizi, akanitwisha kichwani nimpelekee binti yake sokoni mjini, kama faini ya kuku ambaye mpaka leo hajaonekana. Niliteremka Uluguru yote nikiwa wa mwisho, Mwalimu akinisubiri kila kona, akicheka.

Basi nimeapa. Sindano nitashika kwa kifungo cha shati tu, hata marekani akinipa mama nitamrudishia kwa adabu, na mwakani nikipanda kule mlimani nikaulizwa kwetu wapi, nitasema mimi ni mgeni rasmi.