Akina Masika Wawili Katika Jedwali Moja

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta. Chef wa ofisi, yaani mkuu wetu, mzee wa Kisangani aliyevaa koti hata jua likiwaka, alinipeleka kwenye ukumbi wa parokia huko Masisi, akanikalisha katikati ya watoto waliopotezana na wazazi wao vitani, akaniambia nisikilize tu. Nilinuna. Nilikuwa nimetoka Karuba na diploma yangu ya informatique, nikidhani nimekuja kubonyeza kompyuta, kumbe nimeletwa kupangusa makamasi. Jioni akaniuliza, "Dada, umeona nini?" Nikajibu kwamba nimeona watoto. "Bon. Kesho utaona mistari. Usisahau, njo balebale," yaani mistari hiyo ndiyo watoto wale wale.

Nyinyi vijana mnafungua simu na kila kitu kinajipanga chenyewe, kwa hiyo niwaeleze. Hifadhidata, ambayo sisi tuliita base de données, ni habari zilizopangwa ili ziweze kuulizwa. Yetu ilikuwa na jedwali la watoto: kila mtoto na mstari wake, na kila mstari umegawanywa katika visanduku tulivyoviita champ. Jina, jina la baba, mahali alikotoka, umri, mahali alipo sasa. Jedwali la pili lilikuwa la wazazi wanaotafuta. Programu iliyosimamia yote ilikuwa kama mtunza ghala mkali. Huingii mwenyewe kuchukua. Unamwomba, naye anaangalia kwanza kama una ruhusa. Mimi niliruhusiwa kuingiza na kusoma. Kufuta kulikuwa kwa chef peke yake, na hata yeye alijiwekea sharti kwamba mstari wa mtoto haufutwi mpaka mmoja wetu amwone mtoto huyo kwa macho.

Kila mtoto alipewa pia namba yake, isiyorudiwa kwa mwingine. Huo ndio ufunguo. Majina yanafanana, vijiji vinafanana, lakini namba ni ya mtu mmoja.

Baadaye nilihamishiwa Mweso, naye chef akaja huko kufungua ofisi. Hapo ndipo tuliposumbuliwa na doublon, yaani mtoto mmoja kuandikwa mara mbili. Vitani watu hawakimbii mara moja wakatulia. Mtoto anaandikwa Walikale, barabara inawaka moto, anabebwa hadi Mweso, anaandikwa tena na kupewa namba mpya. Superviseur wa Goma, mtu mwema lakini mwenye haraka, alituandikia tuzisafishe zote, mstari wa zamani ufutwe. Chef alijibu kwa upole kwamba tutasafisha tukishaona.

Asubuhi moja aliingia mama mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo. Mume wake, Kambale, alikuwa na lori na duka Walikale, na alikuwa amemchukua binti yao mkubwa, Masika, asome huko. Vita vilipofika, Kambale aliuawa njiani na mtoto hakuonekana tena. Niliiuliza programu: Masika, baba Kambale, kutoka Walikale. Ikanirudishia mistari miwili, umri umekaribiana. Mmoja uliandikwa zamani, huko Walikale. Mwingine mpya, hapo Mweso, kwa familia iliyomhifadhi karibu na hospitali. Mimi na chef tukakubaliana kwamba ni doublon ya wazi kabisa. Tukamwita mtoto wa Mweso.

Aliletwa ameoga, nywele zimesukwa. Yule mama alisimama, akapiga hatua, akasita.

"Huyu mutoto haiko wangu."

Chef akavua koti lake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mama, angalia muzuri. Vita inabadilisha batoto."

"Papa, mi nilimuzaa. Haiko yeye." Kisha akainama, akamshika mtoto kidevu, akamtazama muda mrefu. "Lakini hii sura iko ya bwana yangu." Akakaa chini sakafuni. "Alikuwa na bibi mwingine kule. Njo sababu hakukuwa anarudia nyumbani."

Niliitazama tena ile mistari miwili. Yeye ndiye aliyetueleza, huku machozi ya hasira yakimtoka. "Kwetu Banande jina linafuata kuzaliwa. Binti wa kwanza iko Masika. Na tunahesabia ku mama, haiko ku baba. Kila bibi na Masika yake."

Jedwali letu halikuwa na champ ya mama. Fomu ilitujia hivyo kutoka juu: jina la baba, basi. Chef aliinuka akaenda kwenye redio ya mawasiliano, akaita Walikale mpaka sauti ikamkauka. Mchana wakajibu kwamba Masika yule yupo hai, kwa mkulima mmoja msituni, na anauliza habari za mama yake Butembo. Mama akapiga yowe, nami nikalia naye bila aibu. Kama tungesafisha kwa haraka, tungemfuta mtoto huyo na kumpa mama yake mtoto mwingine mwenye jina lile.

Mchana huohuo chef aliongeza champ ya mama. Kwa Masika wa Walikale tuliandika jina la mama huyu. Kwa yule wa Mweso, ambaye mama yake hakuna aliyemjua alipo, mama wa Butembo alisema, "Nitakwenda na huyu pia. Iko mutoto wa bwana yangu."

Familia iliyomhifadhi iliridhia, na wakubwa wa serikali wanaoshughulikia watoto wakakubali. Nikaweka vidole tayari kuandika jina la mama wa Butembo tena, kwenye champ ya mama ya huyu wa pili.

"Hapana, dada. Pale usiniandike. Mama yake iko. Andika tu kama anaikala kwangu. Mama yake akikuya, muonyeshe nyumba."

Chef akanifundisha hapo hapo. Champ tupu haimaanishi hakuna. Inamaanisha hatujajua bado.

Nilifanya kazi hiyo mpaka kustaafu, nikabadilisha programu mara kadhaa, na kila moja ilinilalamikia kwa maandishi mekundu kwamba kuna champ haijajazwa. Sikuijaza, na binti aliyerithi kazi yangu nimemsihi asiijaze. Mama wa Butembo bado hunipigia kila mwaka mpya. Ananisalimia, anawataja wasichana wake wote wawili, halafu sauti inashuka.

"Dada, bibi mwenzangu hajatokea?"

"Bado, mama."

"Basi muache ile fasi wazi."