Uduvi wa Barka Hula Nini?

"Barka, hawa uduvi wako hula nini?"

Umulkheir, jirani yake wa Wiyoni, alimuuliza hivyo siku moja wakiwa wameshika shuka ya kunasia uduvi huku na huku, maji yakiwafika magotini.

"Hula riziki yao," akajibu Barka. "Vuta na wewe, shuka yalegea!"

Wakacheka, yakaisha. Ilikuwa kabla ya vita vya Wajerumani, miaka ya boriti za mikoko kukatwa kwa wingi na kupelekwa Arabuni. Barka alikuwa mjane, akitanda uduvi kwa shuka kwenye hori dogo la mikoko, bahari iingiapo nchi kavu, ili amlishe mamake, Bi Ummu, ambaye meno yake yalikwisha, na kinywani hapiti kitu ila uduvi wa kupondwa kwa nazi.

Kilichomkera Barka ni uchafu. Mikoko ilipukutisha majani, yakaoza, tope likanuka kama yai viza. Naye, aliyezoea kusema usafi ni katika imani, akaona haifai riziki ya halali kutoka kwenye uvundo. Akamwomba Bwana Gharib, mkata boriti, aifyeke mikoko ile. Gharib akaanza na upande mmoja, akaumaliza. Barka akayazoa majani kwa pakacha, akayamwaga mbali. Maji yakatakata hata akaona kucha zake. Akasema alhamdulillahi.

Msimu wa kaskazi uliofuata shuka ikatoka tupu. Hata yangeyange, ndege weupe waliozoea kudonoa uduvi hapo, hawakuja. Ni jicho la hasidi? Ni sadaka aliyoisahau? Akasoma Ayatul-Kursi, akafukiza ubani. Tupu. Nyumbani Bi Ummu akaugeukia ukuta, bakuli la uji likapoa.

"Palipokuwa pachafu Mungu alinipa," Barka akamlalamikia Umulkheir. "Nimepasafisha, ameninyima?"

"Istaghfiru, Barka! Mimi nilikuuliza, ukanifanyia mzaha. Hula nini?"

Wakavuka ng'ambo ya hori, kusikokatwa bado. Barka akaokota jani bovu topeni. Limetoboka-toboka, na uduvi wadogo mno wameling'ang'ania, wanatafuna.

"Kumbe wala mayani haya mabovu!" akasema Barka.

"Na jani hula nini?"

"Jani lina kinywa, Umulkheir?"

"Halina, na lakua."

Barka akainua uso, jua likamchoma macho. "Basi kama jani hula jua, mamangu naye hula jua? Na mbona pakacha zima la mayani hutoa konzi moja ya uduvi, na konzi hiyo haimpi mama nguvu ya kuinua kikombe? Nguvu hizo nyingine hupotelea wapi?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni mshika shuka."

Barka hakulielewa jambo hilo, na sidhani alikuja kulielewa. Alichokiona ni kimoja: huku kwanuka, na uduvi wamo.

Kesho yake Gharib akaja na shoka kumalizia upande ule, kama alivyoombwa. Akamkuta Barka amesimama topeni mbele ya mikoko, nguo zimeloa hata kiunoni.

"Bwana Gharib," akasema, "hii mikoko niwatia, isikatwe. Kata kwengine."