Pipa Likae Wapi

Tulipokuwa wadogo Mwandiga, mwanaume alijenga nyumba, akaiezeka, akachagua rangi ya mlango, lakini pipa la pombe likae wapi hakuulizwa. Hilo lilikuwa la mama. Naandika haya nikiwa na hasira, tena nimejaribu kuandika nikiwa sina, nikaona nitasubiri sana. Wenzangu mliokulia huku kabla simu hazijaanza kuguswa kwa kidole mtanielewa. Wadogo zetu waendelee na mambo yao.

Nyumbani tulikuwa na migomba nyuma ya choo, na ndizi za pombe zilijulikana. Ukila moja mbichi ulimi unakuwa kama umelamba bati. Mama alizikata, akazivundika kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, na siku ya kuzifukua ujue shule utaenda unanukia ndizi. Tulimenya mpaka kucha zikawa nyeusi. Kukamua kulifanyika kwenye mtumbwi mdogo wa mti, kwa nyasi, mikono ya watu wazima ikipanda na kushuka hadi povu litoke. Watoto tulipewa maji ya ndizi yale matamu kabla hayajawa pombe, kikombe kimoja kila mmoja, na dada yangu Konsolata alikuwa anakunywa taratibu ili atutambie baadaye kwamba yeye bado anacho.

Baada ya hapo mama aliongeza mtama uliokaangwa na kusagwa, akamimina kwenye pipa, ndipo kazi yenyewe ikaanza. Pombe inataka joto. Joto si popote, na mama alikuwa na namna yake ya kulitafuta: alilala. Alitandika mkeka kwenye kona, akalala chali, mikono kifuani, kimya. Akiona hapafai anainuka, anakung'uta kanga, anahamia kona nyingine. Jirani alishawahi kuingia akamkuta amelala katikati ya magunia ya mkaa, akatoka mbio kumwita baba.

"Mama Konsolata kazimia!"

"Hajazimia," baba alijibu bila kuacha kunyoa ndevu. "Anatafuta pa kuweka pombe."

Mama alituambia pombe inalala kama mtu, na pale ambapo mtu hawezi kulala, nayo hailali. Kwa hiyo jikoni palikataliwa kwa sababu ya moshi, stoo kwa sababu ya mbuzi, na ukumbini hapakujadiliwa hata siku moja.

Sasa mwaka mmoja Konsolata akaposwa. Kijana alikuwa mvuvi wa dagaa kutoka Ilagala, mtu mpole, anacheka kwa mabega. Wazee wake walisema watakuja Jumamosi. Kwetu kumpokea mkwe bila pombe ya nyumbani ni sawa na kumwambia rudi ulikotoka. Na Konsolata alikuwa anampenda yule kijana. Tulijua kwa sababu alianza kufua nguo zetu bila kusukumwa. Pombe ikiharibika, wazee wa Ilagala wangeondoka na midomo mikavu, na kule maneno husafiri haraka kuliko boti.

Baba naye mwaka huohuo alikuwa amemaliza kusakafia ukumbi. Saruji, halafu rangi nyekundu, halafu nta. Tulikuwa tunavua viatu nje na kupita ukutani kama wezi. Mama alipokwenda shamba Jumatano asubuhi, pombe ikiwa na siku moja tu, baba akamwita rafiki yake wakabeba pipa kutoka chumbani kwetu watoto, ambako mama alikuwa ameliweka, wakalisimamisha katikati ya ukumbi. Hoja yake ilikuwa kwamba wageni wakiingia waone pipa mara moja, na waone sakafu.

Mama alirudi jioni na mzigo wa kuni. Aliangalia. Akashusha kuni, akaosha miguu, akaingia ukumbini, akalala chali kwenye saruji pembeni ya pipa. Bila mkeka.

Baba aliingia na yule rafiki yake.

"Mama Konsolata, unaumwa?"

"Siumwi. Nalala ilipolala pombe yako."

"Ehe?"

"Mgongo umepata baridi."

Rafiki wa baba akakumbuka ghafla kwamba nyumbani kwake kuna mtu anamsubiri. "Wewe kaa hapo," mama akamwambia, bado amelala. "Ulijua kulileta, utajua kulirudisha. Shemeji, shika upande wa chini."

Mama aliinuka, akatega sikio kwenye pipa. Pombe nzuri inanong'ona, inachemka yenyewe polepole. Ile ilikuwa kimya. Konsolata alisimama mlangoni ameshika ufagio, hafagii. Sijawahi kumwona mtu mzima akiangalia pipa kwa macho yale.

Likarudi chumbani kwetu. Chumba kilikuwa na watoto watano, dirisha dogo kama sahani, na kila pumzi iliyotolewa humo ilibaki humo. Mama akalifunika majani ya migomba, akachukua blanketi letu la pekee akalifunika na hilo, halafu akatugeukia.

"Nyie lalieni karibu nalo. Na asigombane mtu humu."

Basi tukalikumbatia kwa zamu. Alhamisi halikusema kitu. Ijumaa asubuhi mdogo wetu wa mwisho, ambaye hata kuhesabu alikuwa hajui, akaweka sikio na kusema, "Linaongea." Konsolata akampa kikombe chake cha chai, chote.

Jumamosi wazee walikuja, wakavua viatu, wakaisifia sakafu kwa heshima, wakanywa. Mzee wao mmoja akashusha kibuyu, akajifuta mdomo, akauliza, "Hii mmeilaza kwa nani?"

Baba aliangalia mlango wa chumba chetu. "Kwa watoto," akasema. Konsolata yuko Ilagala mpaka leo.

Sasa mimi. Naishi Bangwe, kando ya ziwa, tumepanga vyumba viwili, mume, mimi na mtoto wetu Shukuru. Wiki iliyopita Baba Shukuru ameangalia video kwenye simu, ya kijana mmoja mwenye kofia, akaamua na yeye atengeneze pombe nyumbani. Kanunua ndoo nyeupe yenye mfuniko na hamira ya kwenye pakiti. Ndizi hakukamua, kasaga kwenye blenda. Nilimwachia. Blenda ni yetu sote.

Jana narudi kutoka sokoni namkuta anatembea na kipimajoto cha Shukuru, kile cha kuweka kwapani mtoto akiwa na homa. Amekiweka sakafuni jikoni, kikaandika Lo, yaani joto halifiki hata la kupimwa. Akakipeleka nyuma ya mlango, Lo. Chini ya meza, Lo. Hata kipimajoto kilikuwa kinamshangaa. Halafu akakiingiza chini ya blanketi la mtoto, kikaandika namba. Akafurahi. Akamwinua mwanangu, akamlaza upande wa mlangoni penye upepo, na ile kona ya ukutani akaweka ndoo. Akaifunika blanketi.

Nilimuuliza, "Hapo umechagua wewe?"

"Mke wangu, hii ni sayansi."

Sitaandika nilichomjibu. Majirani walisikia, waulizeni wao. Nilibeba ndoo mwenyewe mpaka kibarazani, nikamrudisha mtoto mahali pake, na blanketi lake.

"Sasa hapo nje si itaharibika?" akauliza. "Basi niambie tuiweke wapi."

Hapo ndipo nilipokosa jibu, na ndiyo maana bado nina hasira. Nilipita vyumba vyote viwili. Haikuchukua muda. Jikoni kuna jiko la gesi linalowaka dakika kumi na kuzimwa, sebuleni kuna vigae, dirisha limetanuka kama mlango, na upepo wa ziwa unaingia na kutoka kama mpangaji. Mama alikuwa na nyumba nzima ya kukataa. Alikataa jikoni, akakataa stoo, akakataa saruji ya baba, na bado akabaki na chumba chenye watoto watano wanaopumua. Sisi tuna vipimo, video na hamira ya pakiti.

Ndoo bado iko kibarazani. Haitaiva, najua, na Baba Shukuru ameanza kujua. Kwangu sehemu yenye joto ni moja tu, nayo ina mwenyewe. Ana miezi mitano.