Folda ya Mawaidha

Kompyuta ya nyumbani tunaitumia watu sita. Humo nilikuwa naandika, polepole, aibu ninayopata wageni wakiuliza nasoma wapi, maana niliishia darasa la saba. Nywila sikuweka, kwani ukiweka unaulizwa unaficha nini. Folda nikaiita "Mawaidha", nikijua wadogo zangu hawataigusa.

Bibi nilimsahau. Ijumaa moja, akichambua mchicha, akamwambia dada, "Hebu tuwekee hayo mawaidha."

Dada akafungua, akasoma kimyakimya, akanitazama.

"Shehe kapotelea wapi?" bibi akauliza.

"Faili limeharibika, bibi."

Kesho yake dada akanipa kikaratasi chenye nywila. "Nimekufungia," alisema.

Nilishukuru. Ila tangu siku ile sijaandika tena humo. Nywila anaijua na yeye, na mie nimechoka kutafuta pa kujificha.