Kanzu Zilizogeuka Njano

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa, katika zahanati moja ya Kinondoni, nilivunja chupa ya dawa ya kikohozi kabla ya saa tatu asubuhi. Mfamasia Mfawidhi, mama wa Kipare asiyependa maneno mengi, alinitazama nikipangusa sakafu. "Chupa tutanunua nyingine," akasema. "Mgonjwa hanunuliwi. Kabla hujatoa kidonge, uliza anakunywa nini kingine." Nikaitikia ndiyo, mama. Kuitikia ni rahisi.

Nyie vijana mna kompyuta inayowaonya dawa zikigombana. Sie tulikuwa na daftari na mama yule. Digoksini, alitufundisha, inaupa moyo uliochoka nguvu ya kusukuma damu na kuupunguzia mbio, lakini dozi inayoponya na inayodhuru zimekaribiana mno. Furosemaidi, tuliyoiita ya maji, inazifanya figo zitoe chumvi na maji ili miguu isivimbe na pumzi ishuke. Inatoa na potasiamu pia, na moyo uliopungukiwa madini hayo huumizwa haraka na digoksini. Metoklopramaidi, ile ya kutapika, inazuia ujumbe usifike sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Hapo msikilize vizuri: inanyamazisha kichefuchefu, haiondoi kilichokileta.

Nikahamishiwa Temeke, na baadaye mama yule naye akaletwa huko huko. Mie subira sina toka kuzaliwa, na foleni ndefu inaniwashaga miguu. Basi alasiri moja ya Ramadhani, watu wamefika mpaka mlangoni, akaja Bi Salha, mke wa Mwarabu wa duka la vitambaa jirani yetu.

"Roho inanichafuka tangu jana, mwanangu. Nipe kidonge nisitapike."

Nikampa, sikumuuliza kitu. Nilijisifu kwa wepesi wangu.

Siku ya tatu akarudi kutaka vingine. Kichefuchefu kimetulia, ila kanyong'onyea, na ana hasira na dobi. "Kaniharibia kanzu za mzee, zote njano. Nimemgombeza mpaka nimeona haya mwenyewe." Nikacheka, mkono tayari umeshafika kwenye kopo la vidonge.

Mama alikuwa nyuma yangu. "Bi Salha, na koti langu hili rangi gani?"

Koti lilikuwa jeupe pe.

"Njano vilevile. Kumbe na wewe dobi wako ni huyo huyo?"

Mama hakucheka. Akamshika kiganja, akahesabu mapigo kwa saa yake. "Unakunywa dawa za moyo?"

"Za hospitali. Ya moyo na ya maji."

"Na unafunga?"

Bi Salha akainamisha macho. "Daktari alinikataza. Lakini nitakulaje mchana, nyumba nzima imefunga?"

Kutwa hanywi maji, na kidonge cha maji kinazidi kumkausha. Figo zikashindwa kuitoa digoksini, ikajaa mwilini. Kichefuchefu ndiyo dalili iliyotangulia kutuambia, na mimi ndiye niliyeinyamazisha. Kuona njano kukafuata.

"Teksi hiyo," mama akaniambia. "Unakwenda naye hospitali."

Njia nzima nilimshika mkono. Pigo moja, kimya, nangoja, jingine. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na niliona aibu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ananituliza.

Mungu bariki, alipona. Nilipokwenda kumtaka radhi, akanikaribisha chai, akaniambia polepole, "Mie nilificha, kweli. Lakini na wewe hukuniuliza."

Sasa nimestaafu, naishi Gongo la Mboto, na kutulia sijaweza. Wageni nawapekua mifuko ya dawa mpaka mke wangu ananigombeza. Tangu mwaka jana na mimi nakunywa digoksini na ya maji. Juzi niliamka na kichefuchefu. Mke wangu akatoka, akarudi na vidonge vya kutapika.

"Wamekuuliza nini huko dukani?"

"Hawakuuliza kitu. Kwani waulize nini?"

Nikalitazama shati langu kwenye kamba. Lilikuwa bado jeupe, lakini moyo haukunitulia. Nikalivaa, nikatia vile vidonge mfukoni bila kuvigusa, nikashika njia ya kliniki. Duka la dawa liko njiani, nikapitia.

"Shikamoo, babu," akasema binti wa dirishani. "Nikupe nini?"

"Marahaba, mwanangu. Usinipe kitu. Niulize."