Nyumba Niliyoiuza kwa Khiari

Kila mvua za Desemba zinapoanza hapa Mbeya, hunirudia siku moja ya ujana wangu. Siku hiyo nilikuwa juu ya paa, nang'oa misumari niliyoipigilia mwenyewe miezi mitano nyuma, na wingu zito lilikuwa linateremka kutoka mlima Loleza. Muda wangu ulikuwa hadi jua kuchwa. Likichwa kabla sijapata fedha, mama yangu angelala katika nyumba ya mtu mwingine. Naye alikuwa hajui.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, mwanangu, uone nilivyofika juu ya paa lile.

Baba yangu alitoka Kilwa akafia hapa, akatuachia nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati. Mama, mzaliwa wa Iringa, aliishi chumba cha mbele na kupangisha vilivyobaki. Hati aliiacha kwa jina langu kwa sababu aliniamini. Mimi nilikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na miwili. Nilijua kiuno cha kila karani wa mji, nikadhani nimeshaupima na mji wenyewe.

Ulikuwa mwaka wa kura tatu, yaani kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Kiangazi kile mji ulifurika. Walikuja wasemaji wa mikutano, madereva, watu wa kujiandikisha, na vijana waliotaka kuona tu. Barabara zilikuwa kavu, pareto imeshalipwa, kila mtu ana chochote mfukoni. Chumba kilichokuwa kikikaa wazi kiligombaniwa na watu watatu, na kodi ikapanda mara mbili. Barazani watu waliambiana kwamba baada ya kura ofisi zitajaa watu wetu, na watu wetu watataka pa kulala. Niliamini, mwanangu, kwa kuwa nilitaka sana kuamini. Nilikuwa na kiwanja pembezoni mwa mji, na tayari nilikuwa naiona nyumba juu yake.

Lakini fedha zilikuwa zimejificha. Wenye maduka waliozoea kukopesha waliogopa zile kura. Hawakujua kesho ingekuwa ya nani, wakafunga masanduku yao. Yule mmoja aliyekubali alitaka riba ya mwezi mmoja iliyolingana na ya miezi mitatu ya mwaka uliopita. Ndipo nikamwendea Bwana Athumani, muuza vifaa vya ujenzi, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba.

"Riba haramu, kijana wangu," aliniambia huku akinimiminia kahawa. "Mimi sikukopeshi. Mimi nanunua."

Wazee wa mjini waliiita bei ya khiari. Unamwuzia mtu nyumba yako mbele ya mashahidi wawili, naye anakupa muda wa kuikomboa. Ukirudisha fedha kabla ya siku mliyoandikiana, nyumba inarudi kwako. Siku ikipita, imekwenda. Muda wote huo unakaa ndani kama mpangaji wake, na kila mwezi unampelekea kodi. Mimi niliandikiwa miezi saba. Nikatia sahihi, nikatoka pale nikijipongeza kwamba nimeikwepa riba.

Kodi nilipeleka kimyakimya. Mama aliendelea kupiga deki ukumbi ambao haukuwa wake tena, na siku moja nilimkuta akipaka chokaa ukuta wa mbele, anaimba. Nilipita nyuma yake nikajifanya nina haraka.

Nyumba yangu mpya, nayo ya vyumba sita, iliinuka upesi, matofali mabichi na bati jipya, nikaipangisha kabla sakafu haijakauka. Kura zikapigwa. Wiki mbili baadaye wasemaji walikuwa wamekwenda zao. Ofisini walibaki wale wale; mabadiliko yalikuja, ndiyo, lakini baadaye, hayakuniuliza mimi nimeandikiana nini na nani. Mvua zilipoanza, hata wapangaji niliodhani ni wa kudumu walifunga mizigo wakalime. Wa mwisho alikuwa fundi baiskeli.

"Kaka, mahindi hayanisubiri," alisema akinipa ufunguo. "Tuonane mwezi wa sita."

"Na kodi ya miezi hiyo?"

"Kodi ya kulala shambani kwangu? Utakuja kuichukua huko, na jembe lako."

Basi vyumba vyangu sita vikawa vitupu, kila kitu mjini kikashuka bei isipokuwa bati, kwa kuwa kila mwenye paa bovu alikuwa analitafuta. Siku ya mwisho ya khiari ilipofika nilikuwa nimeshauza cherehani yangu, na bado fedha hazikutosha. Ndiyo maana nilikuwa juu ya paa la nyumba yangu mpya, naling'oa bati niliuze. Chini alinisubiri Mzee Andulile, mkulima wa pareto na mzee wa kanisa huko milimani, amekuja kulinunua na lori la kukodi.

"Fundi, unaivua nyumba nguo wakati wa mvua?" aliniuliza.

"Pokea hili, Mzee. Usiniulize."

Nilikuwa nateremsha bati la mwisho nilipomwona mama njiani, mwavuli mkononi. Mtu alikuwa amempelekea habari. Alisimama, akatazama kuta zilizobaki wazi, akanitazama mimi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwambia yote pale pale, matone yakianza kutuangukia. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Miezi saba unakula chakula changu, ulishindwa kuniuliza?"

Mzee Andulile alihesabu fedha mkononi mwangu haraka, akasema, "Ndaga, asante, mwana. Nenda, jua halikai."

Tulikimbia. Dukani kwa Bwana Athumani tulikuta mlango umefungwa. Mkewe alichungulia dirishani.

"Bwana hayupo. Amesafiri jana kwenda Iringa."

Nikaelewa. Alikuwa amejificha ili jua lichwe. Lakini mama alikunja mwavuli wake taratibu akaketi barazani kama mtu aliyekuja kusalimia.

"Iringa hii ninakotoka mimi?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Barabara imekatika tangu juzi, nasubiri barua ya kaka yangu haijafika. Shemeji amepita wapi? Amekuwa ndege?" Kisha akanigeukia. "Wewe, nenda msikitini. Wanatoka kusali alasiri. Walete wale mashahidi wawili, na yeyote mwingine mwenye macho."

Nikarudi na watu kama kumi. Mama akaniamuru nihesabu fedha pale barazani, noti kwa noti, kwa sauti. Nilihesabu, mvua inatiririka nyuma yangu, na wale watu wakiitikia kila mia. Nilipokaribia mwisho, komeo la ndani lililia. Bwana Athumani akatokea, ana kanzu safi, viatu vikavu.

"Karibu kutoka Iringa, shemeji," mama akasema. "Tunaomba karatasi yetu."

Akaitoa. Hakuna aliyecheka mpaka tulipofika kona.

Nyumba yangu mpya haikumaliza mvua zile. Matofali mabichi yaliyeyuka, na kufika Machi palikuwa na kichuguu chenye mlango. Mama aliishi katika nyumba yake miaka mingine thelathini na moja, na hati akaichukua akaiweka mwenyewe.

Sasa nikwambie, mwanangu, nisikuache ukisie. Usipime kodi ya nyumba kwa mwezi ambao mji umejaa wageni. Ipime kwa mwezi wa mvua, wakati watu wako mashambani, na kama inalipa hapo, jenga. Kura zikikaribia, wenye fedha huogopa na wasio nazo huota. Wewe usitie sahihi ukiwa katika kundi lolote kati ya hayo. Mtu akikwambia hakuna riba, muulize atapata faida yake wapi, umsikilize mpaka mwisho. Na zaidi ya yote, kabla hujaweka rehani ukuta wowote, ingia ndani ukamuulize anayelala humo. Mimi sikuuliza, na uso wa mama alipouliza nani amekufa ninao hadi leo.

Mungu akuzidishie, akupe na ujasiri wa kusema mapema. Na wale wa nyumbani mwako, awaamshe kila asubuhi wakiwa wenyeji, si wapangaji.